Kwanza Kitanzi, Kisha Wakili

Mwaka 1969 Bunge la Tanzania lilipitisha sheria fupi iliyoitwa Sheria ya Msaada wa Kisheria (Mashauri ya Jinai), Namba 21 ya mwaka huo. Ilisema kwamba mshtakiwa asiye na uwezo wa kumlipa wakili anaweza kuwekewa mmoja kwa gharama ya serikali, iwapo mwenye mamlaka mahakamani ataridhika kwamba haki inadai hivyo. Maneno yalikuwa mapana, utekelezaji ukawa mwembamba. Wakili huyo alionekana Mahakama Kuu, kwenye kesi za mauaji na uhaini. Kwa karibu miaka 50 iliyofuata, ukitaka nchi ikutafutie wakili wa bure, njia ya uhakika ilikuwa kushtakiwa kwa kosa la kunyongwa.

Na hata huyo aliyeshtakiwa kwa mauaji hakupata cha kujivunia. Malipo ya wakili wake yalikuwa madogo mno, na mara nyingi wawili hao walikutana kwa mara ya kwanza asubuhi ya kesi, mmoja akiwa amevaa joho na mwingine pingu, wakanong'onezana kwa dakika chache kabla jaji hajaingia.

Wengine wote hawakutajwa. Mjane aliyefukuzwa kwenye nyumba aliyoijenga na mumewe, mpagazi wa bandarini aliyeachishwa kazi bila barua, mkulima aliyeamka akakuta shamba lake limepigwa mawe ya mipaka na mtu asiyemjua: sheria ya 1969 ilikuwa ya jinai tu, wao ilikuwa haiwahusu. Historia ya msaada wa kisheria Tanzania ni ya hao, na ya watu waliowasaidia bila kusubiri serikali.

Turudi nyuma kidogo: serikali ya kikoloni ya Waingereza ilikuwa imeacha mahakama za aina mbili. Huko juu kulikuwa na Mahakama Kuu na mahakimu wa Kizungu, na sheria za Kiingereza. Huko chini kulikuwa na mahakama za wenyeji, ambako machifu na maliwali waliamua mashauri ya Waafrika, na mawakili hawakuruhusiwa kukanyaga. Mawakili wenyewe walikuwa wachache, karibu wote Wazungu na Waasia, na walikaa mijini. Chama chao, Tanganyika Law Society, kilianzishwa kwa sheria mwaka 1954, na kwa mwananchi wa Songea au Kasulu chama hicho kingeweza kuwa mwezini.

Pengo likajazwa na waandishi wa barua. Nje ya boma na nje ya mahakama alikaa mtu mwenye meza na taipureta, aliyejua kuandika malalamiko kwa lugha ya kumfikia Bwana DC. Hakuwa mwanasheria. Alijua tu fomu zinapopatikana, karani yupi ana faili lipi, na maneno gani yaanze barua. Siku hizi warithi wake tunawaita vishoka, na mawakili wakisikia jina hilo huwaka hasira, na wana sababu zao, maana vishoka wengi ni matapeli. Ila tukiwa wakweli, kwa vizazi kadhaa kishoka ndiye mwanasheria pekee ambaye maskini aliwahi kuzungumza naye. Zanzibar walikuwa na busara zaidi: huko vakili, mtu asiye na shahada lakini mwenye uzoefu na leseni, aliruhusiwa kisheria kumsimamia mtu katika mahakama za chini na mahakama za kadhi.

Uhuru ulipokuja mwaka 1961, wanasheria Waafrika wa Tanganyika walikuwa wa kuhesabu kwa vidole. Si ajabu basi kwamba kitivo cha kwanza cha chuo kikuu cha nchi hii kilikuwa cha sheria. Kilifunguliwa Oktoba 1961 katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, kabla ya chuo kuhamia Mlimani. Miaka miwili baadaye Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya 1963 ikaunganisha mifumo ile miwili, zikazaliwa mahakama za mwanzo tunazozijua. Mawakili wakaendelea kuzuiwa humo. Nia ilikuwa njema: mkulima ajieleze mwenyewe, kwa Kiswahili, mbele ya hakimu na wazee wa mahakama, bila mtu wa mjini kumzidi kete kwa vifungu. Na kwa kiasi kikubwa ilifanya kazi. Mahakama ya mwanzo hadi leo ndiyo mlango wa kesi nyingi kuliko nyingine zote nchini.

Tatizo lilianza pale mtu alipopanda ngazi moja tu. Katika mahakama ya wilaya shahidi alizungumza Kiswahili, hakimu akaandika kwa mkono kwa Kiingereza. Hukumu ikatoka kwa Kiingereza. Mtu aliyeshindwa akataka kukata rufaa akapewa karatasi zinazoeleza kwa nini ameshindwa, katika lugha asiyoisoma, na siku zinahesabiwa. Rufaa ya kutoka mahakama ya mwanzo kwenda ya wilaya ni siku 30. Mfungwa aliyehukumiwa na mahakama ya wilaya ana siku 10 tu za kutoa taarifa ya kusudio la kukata rufaa, kisha siku 45 za kuleta sababu zake. Sababu hizo aziandike vipi ikiwa hukumu yenyewe hajaielewa? Aliandikiwa na mfungwa mwenzake aliyefika sekondari, au na askari magereza mwenye huruma. Hali hiyo ilidumu hadi mwaka 2021, Bunge lilipobadili sheria na kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama. Miaka 60 baada ya uhuru! Ukitaka kutaja kizuizi kimoja kilichowaumiza wanyonge mahakamani kuliko ukosefu wa fedha, taja hicho.

Huko Mlimani, mwishoni mwa miaka ya 1960, Azimio la Arusha lilikuwa limewasha moto wa mijadala. Walimu na wanafunzi wa sheria waliulizana elimu yao inamtumikia nani. Katika moto huo ikazaliwa Kamati ya Msaada wa Kisheria ya Kitivo cha Sheria, na ndiyo mzazi wa karibu kila kilichofuata. Wananchi walipanda basi hadi chuoni wakiwa na bahasha za kaki zilizojaa barua, risiti na hati. Mwanafunzi aliyekuwa amekesha akisoma kesi za London akajikuta anasoma barua ya kuachishwa kazi ya mfanyakazi wa kiwandani.

Kesi za kazi zilikuwa na mtego wake. Sheria ya Usalama wa Ajira ya 1964 ilikuwa imeziondolea mahakama mamlaka juu ya mfanyakazi aliyefukuzwa kwa kosa la nidhamu. Alitakiwa aende kwenye baraza la usuluhishi, akishindwa aende kwa Waziri, na neno la Waziri lilikuwa la mwisho. Sheria hiyo ilitungwa kumlinda mfanyakazi dhidi ya bosi, lakini bosi alipokuwa ni serikali yenyewe, au shirika lake la umma, ilikuwa kesi ya nyani kumpelekea ngedere. Issa Shivji, aliyeanza kufundisha Mlimani mwaka 1970, aliandika kwa kina juu ya sheria za kazi za zama hizo, na ndiye aliyewafundisha wanafunzi wengi kuiona sheria kutoka upande wa anayeumizwa nayo.

Kisha ikaja ardhi, na hapo udhaifu wa msaada unaosubiri mahakamani ukajulikana wazi. Wilayani Hanang, serikali kupitia shirika la NAFCO na kwa msaada wa Kanada ilianzisha mashamba makubwa ya ngano katika malisho ya Wabarbaig. Kijiji cha Mulbadaw pamoja na wanakijiji 67 walikwenda mahakamani, na Mahakama Kuu ikawapa ushindi. NAFCO ikakata rufaa. Katikati ya miaka ya 1980 Mahakama ya Rufani ikageuza yote. Kijiji, ilisema, hakikuthibitisha kwamba kilipewa ardhi ile kwa taratibu za kisheria, na wanakijiji hawakuthibitisha kwamba wao ni wenyeji kwa maana ya sheria ya ardhi.

Wafugaji ambao makaburi ya wazee wao yako pale pale walishindwa kesi kwa kutothibitisha kwamba ni wenyeji! Hukumu hiyo hufundishwa vyuoni kama mfano wa ugumu wa mahakama. Mimi naiona pia kama hesabu ya mahitaji yasiyotimizwa mapema. Hakuna wakili, hata awe hodari vipi, anayeweza kuongeza ushahidi kwenye faili kesi ikishafika rufani. Mtu aliyehitajika Hanang alikuwa wa kukaa nao kijijini kabla trekta halijafika, awaambie: andikeni hiki, tunzeni karatasi hii, semeni jambo hili mbele ya hakimu ingawa mnaona kila mtu analijua.

Wanawake ndio walioelewa hilo mapema. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, iliamua kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa. Msaidizi yeyote wa kisheria nchini anaijua kesi hiyo. Wachache hukumbuka kwamba mwanamke aliyeileta alitoka mikono mitupu. Mahakama ilikubali hoja yake, ikaona kwamba sehemu yake alikwisha kuipata na kuitumia. Ushindi ulikuwa wa wanawake waliomfuata, na ulihitaji mtu wa kuwapelekea habari yake, kwa sababu hukumu haitembei yenyewe hadi Nachingwea.

Muda si mrefu watu hao wakapatikana. Haki za binadamu ziliingizwa katika Katiba mwaka 1984 na kuanza kudaiwa mahakamani mwaka 1988. Mwaka 1989 SUWATA, shirika la uchumi la wanawake lililotoka tumboni mwa Umoja wa Wanawake wa Tanzania, UWT, lilianzisha huduma ya ushauri wa sheria ambayo baadaye ikawa Kituo cha Msaada wa Kisheria kwa Wanawake, WLAC. Wanasheria wanawake wakaunda chama chao, TAWLA, wakati huo huo. Mwaka 1995 kikaja Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, LHRC. Waasisi wengi wa vyombo hivi walipita Mlimani.

Wakati wa kwanza wao wakipanga viti ofisini, kesi moja ilikuwa inapanda kutoka Kagera. Mwanamke mzee wa Kihaya alirithishwa shamba la ukoo na baba yake kwa wosia. Uzee ukamlemea, hana wa kumtunza. Agosti 1988 akaliuza kwa shilingi 300,000 kwa mtu asiye wa ukoo. Jamaa wa ukoo hakungoja, akafungua kesi Mahakama ya Mwanzo Kashasha, wilayani Muleba. Sheria za mila zilizoandikwa mwaka 1963 zilikuwa upande wake: mwanamke anaweza kulitumia shamba la urithi maisha yake yote, hawezi kuliuza. Mahakama ya mwanzo ikabatilisha mauzo na kumwamuru bibi arudishe fedha. Mahakama ya wilaya ikasema Katiba haibagui. Mwaka 1990, mjini Mwanza, Jaji James Mwalusanya akakubaliana na mahakama ya wilaya: mwanamke atauza kama mwanamume anavyouza.

Mwalusanya anastahili kitabu chake. Ni yeye pia aliyeamua, katika kesi ya mwanzoni mwa miaka ya 1990 huko Dodoma, kwamba uwakilishi wa wakili ni haki ya kikatiba, kwamba mahakama lazima imweleze mshtakiwa haki hiyo, na kwamba kesi ya maskini ambaye hakuelezwa ni batili. Ingefuatwa hukumu ile, nusu ya makala haya isingekuwapo.

Haikufuatwa. Sheria za mila za 1963 nazo hazikufutwa. Wajane wawili wa Kisukuma waliofukuzwa na mashemeji walifika Mahakama Kuu. Mwaka 2006 mahakama ikakiri kwamba sheria hizo zinabagua, kisha ikakataa kuzigusa kwa hofu ya kufungua milango ya kesi nyingine za mila. Wakisaidiwa na WLAC walikwenda hadi kwenye kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake, na mwaka 2015 kamati hiyo ikasema Tanzania imevunja haki zao. Fikiria gharama ya safari hiyo kwa mtu anayeishi kwa kushona nguo. Bila msaada wa bure isingefika hata mahakama ya wilaya.

Mwaka huo huo wa 2015, Arusha, kesi nyingine ilimrudia yule tuliyemwacha mwanzoni: mshtakiwa wa jinai asiye na kitanzi. Unyang'anyi wa kutumia silaha adhabu yake ya chini ni miaka 30 jela, lakini kesi husikilizwa mahakama ya wilaya, ambako wakili wa kulipiwa na serikali hakuwa wa kawaida. Mtu mmoja wa Rombo alihukumiwa miaka 30 mwaka 1998. Alijitetea mwenyewe, akakata rufaa mwenyewe Mahakama Kuu, akaenda mwenyewe Mahakama ya Rufani, kote akashindwa. Hatimaye shauri lake likachukuliwa bure na Umoja wa Mawakili wa Afrika, PALU, na kufikishwa Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu. Serikali ilijitetea kwamba hakuomba wakili. Tarehe 20 Novemba 2015 Mahakama ikasema kwamba kwa shtaka zito namna ile, serikali ilipaswa kumpa wakili bila kungoja aombe.

Habari za gerezani husafiri haraka. Wafungwa wa Butimba, Mwanza, na magereza mengine wakaanza kuandika Arusha kwa wingi, karibu wote na lalamiko lile lile la kuhukumiwa bila wakili. Tanzania, mwenyeji wa mahakama hiyo, ikawa nchi inayoshtakiwa kuliko zote. Novemba 2019 serikali ikaondoa tamko lililowaruhusu watu binafsi kufungua kesi huko moja kwa moja. Hilo nalo ni jibu, ingawa si lile wafungwa waliloomba.

Wakati vita hivyo vya juu vikiendelea, kazi iliyobadilisha maisha ya watu wengi zaidi ilikuwa inafanyika chini ya miembe. Wasaidizi wa kisheria walianza kujitokeza miaka ya 1990: mwalimu mstaafu, muuguzi, katibu wa kikundi cha akina mama, watu waliofundishwa sheria za ndoa, mirathi, ardhi na watoto, kisha wakarudi kukaa na majirani zao. Zanzibar, kituo cha huduma za sheria kilichoanzishwa mwaka 1992 na Profesa Haroub Othman na Profesa Chris Maina Peter kiliwasambaza majimboni, Unguja na Pemba. Bara, mfuko wa LSF ulioanza mwaka 2011 kwa fedha za Denmark uliwapeleka katika kila wilaya.

Kazi yenyewe haina mbwembwe. Anakuja mama, mumewe amefariki miezi miwili iliyopita, shemeji amebeba hati ya nyumba. Msaidizi hamwambii "nenda mahakamani". Anamuuliza kikao cha ukoo kilikaa lini, muhtasari uko wapi, cheti cha kifo kimetoka, cheti cha ndoa kipo. Kama kikao hakijakaa anakwenda naye kwa mjumbe, kiitishwe. Anamwonyesha namna ya kufungua shauri la usimamizi wa mirathi mahakama ya mwanzo, na kwamba tangazo litabandikwa ili mwenye pingamizi aje aseme. Mara nyingi shemeji akiona mama anaijua njia, hati inarudi kabla ya kesi kuitwa. Hakuna jaji atakayeandika hukumu juu ya siku hiyo, na hakuna mwanafunzi wa sheria atakayeisoma.

Serikali ilikuja kuwatambua mwaka 2017. Sheria ya Msaada wa Kisheria, Namba 1 ya mwaka huo, ilifuta ile ya 1969, ikaingiza mashauri ya madai, ikaunda ofisi ya Msajili, ikawapa wasaidizi wa kisheria nafasi yao katika vitabu. Zanzibar ilitunga yake mwaka 2018. Kenya, ambako Kituo cha Sheria cha Nairobi kilikuwa kikifanya kazi hii tangu 1973, ilikuwa imetunga ya kwake mwaka 2016. Sheria yetu ni nzuri kwenye karatasi. Imemruhusu msaidizi kushauri na kuelekeza, imemkataza kumwakilisha mtu mahakamani. Imemtaka asajiliwe, apite mafunzo, atoe taarifa. Haikumpa mshahara. Wengi wao wanajitolea kwa nauli zao, na wafadhili wa nje wakipunguza fedha, ofisi ya wilaya hufungwa siku mbili kwa wiki, kisha nne, kisha moja kwa moja.

Mwaka 2021 mawakili nao waliruhusiwa kuingia mahakama za mwanzo. Wapo walioshangilia. Mimi nina shaka: mwenye fedha sasa ataingia na wakili wake mahali ambapo zamani wote wawili walisimama peke yao, na asiye nazo hatapewa wa kumlinganisha naye. Kampeni ya Msaada wa Kisheria ya Mama Samia, iliyozinduliwa Dodoma mwaka 2023, imepeleka wanasheria mikoani, na foleni zilizoonekana kwenye viwanja, nyingi za migogoro ya ardhi na mirathi, zinaonyesha ukubwa wa deni. Lakini kampeni hufika na kuondoka. Mgogoro wa mpaka hudumu miaka 15, na unahitaji mtu ambaye atakuwepo wiki ijayo. Kama bajeti inatafuta pa kwenda, iende kwa huyo msaidizi wa kata.

Kwako msomaji ambaye una shauri au ndugu yako yuko ndani: huduma ya msaada wa kisheria kwa sheria ya 2017 ni ya bure, na anayekudai fedha ili akuandikie ni kishoka, mkimbie. Uliza ofisi ya maendeleo ya jamii ya halmashauri yako au karani wa mahakama wakuelekeze kwa mtoa huduma aliyesajiliwa. Ndugu yako akihukumiwa leo na mahakama ya wilaya, aseme leo hii kwa ofisa wa gereza kwamba anataka kukata rufaa. Siku ni 10.